Hakuna gugu lililokuja kwa mguu wake

Haya ndo niliyoongea Jumamosi kwenye mkutano wetu wa wauza miche na watunza bustani hapa Moshi. Wengi mvua iliwazuia na mmekuwa mkinipigia simu mnataka kujua nilisema nini, basi nimeandika kama nilivyosema. Picha za ukutani nimeziacha, maana hata siku yenyewe umeme ulikatika kabla hatujafika popote.

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, shikamooni. Vijana mambo vipi? Nyie mliosimama kule nyuma sogeeni, viti vipo, mvua ya huko itawalowesha bure.

Mi wengi mnanijua, ni muuza miche. Sijasomea mimea chuo chochote, ninachokijua nimekijua kwa kuharibu kwanza, na leo nimekuja kuwaambia niliyoharibu.

Naanza na swali. Nani hapa ameshawahi kupewa kipande cha ua na jirani, akakichomeka tu ardhini kikashika? Nyoosheni mikono. Haya, naona karibu wote. Sasa, nani alimuuliza jirani yake hilo ua limetoka wapi na likiachwa peke yake linafanya nini?

Mnaona? Mikono yote imeshuka. Na wangu umeshuka.

Tunapoongelea mimea vamizi, yaani ya kigeni inayoenea yenyewe na kufukuza mingine, watu wanafikiri ni kitu kimekuja usiku kama mwizi, kimeruka ukuta. Hapana jamani. Hakuna gugu lililokuja kwa mguu wake. Kuna mtu alilibeba. Alilibeba kwenye ndoo, kwenye mfuko wa rambo, kwenye tairi la fuso, kwenye samadi, na mara nyingi sana mtu huyo ni mtu mwema kabisa, anapenda mimea, kama mimi na wewe.

Naanza na mimi mwenyewe.

Mwaka wa 3 wa kitalu changu alikuja mteja amejenga kwenye mteremko, mvua ikinyesha udongo wote unaishia kwa jirani wa chini, akataka kitu cha kufunika ardhi haraka. Nikamwambia nina dawa yako, wedelia. Mnaijua, ile yenye majani yanayong'aa na kaua ka njano, inatambaa chini kama zulia. Nikamsifia: inaota haraka, haitaki maji mengi, haina wadudu, mbuzi hawaigusi sana, kipande chochote ukichomeka kinashika, hutakaa uisumbukie tena. Akanunua miche 200. Mimi siku hiyo nilikula nyama.

Sasa rudieni hizo sifa polepole. Inaota haraka. Haina wadudu. Kipande chochote kinashika. Nilikuwa naeleza ua au naeleza gugu? Ilinichukua miaka kuona kwamba maneno niliyokuwa nauzia ndo hayohayo mtaalamu anayotumia kueleza mmea vamizi, tofauti ni kwamba yeye akiyasema anakunja uso na mimi nikiyasema natabasamu.

Kosa langu lenyewe halikuwa hata kumuuzia yule. Kosa ni kwamba nilipopunguza wedelia ya pale kitaluni, vile vipande nilivyokata nilivikusanya kwenye toroli nikaenda nikavimwaga kwenye ukingo wa mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia mashamba. Wapi tena tunatupa takataka za bustani sisi? Mfongoni. Korongoni. Nyuma ya fensi. Tunasema zitaoza. Wedelia haiozi, kila pingili ikigusa udongo mbichi inatoa mizizi, na maji ya mfongo yanafanya kazi ya kuisafirisha bila nauli.

Masika iliyofuata nikaitwa na bibi mmoja huko chini, analima majimbi na mnafu kando ya mfongo. Nikaenda. Akanishika mkono mpaka kwenye majimbi yake, au niseme yalipokuwa majimbi yake, maana ni zulia la njano tupu na majani mawili matatu ya jimbi yanachungulia kama mtu anayezama. Akaniambia, "Mwanangu, maua yako yamekuja kunitembelea, mbona hayaagi?"

Hakunigombeza. Bora angenigombeza. Niling'oa wikiendi 3 mfululizo na vijana wawili, tukafikiri tumemaliza, baada ya mwezi bibi anapiga simu, yamerudi. Kila kipande tulichokisahau kilikuwa kinaanza upya. Imenichukua miaka miwili kuusafisha ukingo ule, na mpaka leo nikipita natupa jicho.

Alafu kuna jingine ambalo nilikaribia kulifanya, hili ndo kubwa kuliko yote, na aliyeniokoa jina lake sikuliuliza.

Nilikwenda Mwanza kwenye harusi ya binamu yangu. Kabla sijaondoka mtu mmoja mwenye nyumba ya wageni huku alikuwa amechimba kabwawa ka samaki mbele ya mapokezi, akaona picha kwenye simu, maua ya zambarau yanaelea juu ya maji, akasema nayataka hayo, nakupa elfu 80. Mi nikajua yapo wapi. Asubuhi baada ya harusi nikashuka mwaloni Kirumba, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi, na ndoo ya lita 20 niliyoikata mdomo, nikavua viatu, nikachagua mashina 6 mazuri.

Na mazuri kweli, tusidanganyane. Kikonyo cha jani kimevimba kama kitunguu, ukikibonyeza ni sponji, kimejaa hewa. Mizizi inaning'inia myeusi kama manyoya. Ua lenyewe zambarau laini, na petali ya juu ina doa la njano kama jicho. Ungekuwepo ungeninyang'anya.

Natoka majini namkuta mzee amekaa anashona nyavu. Akaangalia ndoo, hakuniangalia mimi.

"Kijana, hiyo unapeleka wapi?"

"Shikamoo mzee. Napeleka Moshi, kuna mteja ana bwawa."

"Marahaba. Moshi kuna mito?"

"Ipo mzee, mingi tu."

"Basi mwaga."

Hivyo tu. Mwaga. Nikacheka, nikafikiri utani wa wavuvi. Akaweka sindano ya nyavu chini, akaniambia mwanangu kaa hapa. Akaanza kunisimulia miaka ya 90. Ua lile ndo gugumaji. Lilionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 80, asili yake ni Amerika ya Kusini huko Amazoni, na limesambaa duniani kwa sababu hiyohiyo iliyonipeleka mimi na ndoo, watu wamelipenda ua wakalitia kwenye mabwawa ya bustani. Likifurahia maji linajizidisha mara mbili ndani ya kama wiki mbili. Ilipofika mwaka 1998 lilikuwa limefunika zaidi ya hekta 15,000 za ziwa. Mzee ananiambia ulikuwa unaamka asubuhi mwalo haupo. Jana ulikuwepo, leo ni shamba. Mtumbwi unausukuma masaa, samaki ulionao wanaanza kunuka kabla hujagusa nchi kavu, nyavu zinapotelea huko chini, nyoka wamejificha humo, mbu ndo usiseme, na pampu za maji ya mjini zinaziba.

Nikamuuliza sasa liliisha vipi? Akasema nani kakuambia limeisha? Lilipungua. Walileta fukusi, vidudu vidogo vya aina mbili za jamii moja kutoka hukohuko Amerika ya Kusini, Uganda wakaanza 1995, Kenya na sisi tukafuata 1997, vinakula gugumaji na havili kitu kingine cha maana, vilipimwa kwanza kabla ya kuachiwa. Ikaja na ile mvua ya El Niño na mawimbi, mikeka ikakatika ikazama. Ila mbegu zake zinakaa kwenye tope miaka na miaka, kwahiyo kila mbolea ya mashambani ikishuka ziwani na jua likiwa zuri linaamka tena.

Basi nikamwaga, palepale juu ya jiwe kavu, jua lipige. Nikapoteza elfu 80 na mpaka leo yule mwenye nyumba ya wageni ananiona mi tapeli.

Lakini fikirieni ningefika nayo. Bwawa lake lipo kwenye mkondo, masika moja tu linafurika. Maji yetu ya huku yote yanashuka kwenda wapi? Si bwawa la Nyumba ya Mungu? Na kutoka pale si ndo mto Pangani, mpaka mitambo ya umeme ya Hale? Ndoo moja ya lita 20. Mtu mmoja amevaa suti ya harusi. Mngemjua nani aliyeleta? Msingemjua. Mngesema limekuja.

Halikuja. Lingebebwa.

Mnaweza mkasema huyu ni mjinga wa barabarani, wataalamu hawafanyi hivyo. Haya, twendeni Baringo, Kenya.

Huko kuna mti wanauita mathenge. Mti wa miiba, asili yake Amerika. Mombasa kule Bamburi walishaupanda tangu 1973 kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji, ukafunika mawe vizuri, wote wakafurahi. Mwanzoni mwa miaka ya 80 ukapelekwa Baringo, mradi wa serikali na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na sababu zilikuwa nzuri kabisa, nchi kavu, kuni hamna, vumbi linatembea, mti huu unastahimili ukame na unaota haraka. Mmesikia hilo neno tena? Haraka.

Maganda yake ni matamu. Mbuzi wakayapenda. Mbegu mbuzi hawezi kuisaga, anaitoa na mavi ikiwa imeshalainishwa tayari kuota, kwahiyo kila mbuzi akawa bwana shamba wa mathenge. Malisho kandokando ya ziwa yakafungwa na kichaka kisichopitika, mwiba wake unatoboa tairi na ukikuchoma mguu unavimba wiki. Na ule utamu unanata kwenye meno ya mbuzi, yanaoza, yanang'oka, mbuzi anabaki kibogoyo mbele ya majani anakufa njaa. Mwaka 2006 wenyeji, jamii ya Ilchamus, wakaenda mahakamani kuishtaki serikali yao, na wakapeleka mbuzi asiye na meno awe kidhibiti. Mbuzi, mahakamani, wanamfungua mdomo. (Watu walicheka sana hapa.) Chekeni, lakini yule mfugaji hakuwa anacheka.

Na msione ni mambo ya Kenya. Mti huohuo upo hapa chini yetu, ukanda wa Kahe na Mwanga. Nani kaubeba?

Naingia msituni kidogo alafu narudi bustanini, vumilieni.

Mnajua Amani, Usambara Mashariki, juu ya Muheza. Wajerumani walianzisha kituo pale 1902, wakakusanya mimea ya dunia nzima kuijaribu, kwinini, mpira, viungo, miti ya mbao. Bustani nzuri mno, mi nimekwenda mara 2, ukifika hutaki kushuka. Ila bustani imezungukwa na msitu ambao una mimea isiyopatikana popote pengine duniani, na baadhi ya wageni hawakubaki kwenye vitanda walivyopangiwa. Mfano mmoja tu, msizi. Huu hata sio wa Ulaya wala Amerika, wenzetu wa Bukoba na Uganda wanaujua ni mti wao wa asili, wa mbao. Usambara ulipandwa, ukasaidia kujaza mapengo pale msitu ulipokatwa mbao, alafu wale ndege hondohondo wakayagundua matunda. Hondohondo anameza tunda hapa, anaruka bonde zima, anaachia mbegu kule katikati ya msitu wa zamani. Fensi yako hondohondo anaijua? Mpaka wa hifadhi anaujua?

Ndo maana namcheka mtu anayeniambia lantana yangu ipo ndani ya ukuta, haina shida. Bwana, vile vitunda vyeusi vya lantana, mvuti kama wengine mnavyouita, vipo kwa ajili ya nani? Wewe unavila? Vipo kwa ajili ya ndege. Kila asubuhi ndege anakuja dukani kwako anachukua mzigo bure anapeleka mlimani. Alafu ng'ombe akila majani yake anaumia ini, ngozi inababuka juani, na kichaka chenyewe ni hoteli ya mbung'o. Nayo nimeuza, tena za rangi zote, nyekundu, njano, ya waridi. Wedelia, lantana na gugumaji zote 3 zipo kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya duniani ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, na zote 3 zimepita au zimekaribia kupita mikononi mwangu. Rekodi gani hiyo!

Na Mahale, kwenye sokwe, kuna mti wa maua ya njano ndugu yake na mjohoro, ulipandwa 1967 kama pambo na kivuli tu. Ukaingia hifadhini, watu wakaanza kazi ya kubandua gome kuzunguka shina, mti mmoja mmoja, ili ukauke umesimama na miche ya asili ipate mwanga. Mti mmoja mmoja, kwenye mlima! Kuupanda ilichukua muda gani, dakika 5?

Sasa kuna mzee hapa mbele ameniangalia tangu nianze, najua swali lake. Kwani kila mgeni ni mbaya? Hapana mzee wangu. Mahindi ni mgeni. Parachichi mgeni, kahawa ilikuja na wamisionari, hata ndizi zetu hizi tunazojidai nazo asili yake ni Asia. Lakini mahindi usipoyapalilia mwaka mmoja yanakufa, kahawa usipoitunza inakulilia. Huyo ni mgeni anayejua kwamba ni mgeni. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Hawa ninaowasema siku ya tatu wameshachukua jembe na shamba na wewe mwenyewe wamekuweka barazani.

Haya, turudi nyumbani, tuje kwenye lile lililoniletea kiroba hiki mnachokiona hapa mezani. Usikifungue mama, subiri.

Gugu karoti. Arusha liliripotiwa mwaka 2010, na leo mnaliona wenyewe, kandokando ya lami, kwenye viwanja visivyojengwa, kwenye stendi, mpaka kwenye viwanja vya shule. Asili yake ni Amerika, na duniani limependa kusafiri na nafaka, India liliwafikia miaka ya 50 na inasemekana ni kwenye shehena za ngano. Likiwa dogo linalala chini limetandaza majani kama sahani, na jani limechanwachanwa kama la karoti, ndo jina lilipotoka. Alafu shina linapanda ghafla, lina mistari kwa urefu, lina vinywele, na juu linatoa vimaua vyeupe vidogo vingi, kila kimoja ukikisogeza karibu kina pembe 5 ndogo. Kwa mbali linapendeza, watu wa Pakistani wanalichomeka hadi kwenye mashada ya maua. Na mi nimewahi kumwona mtu mjini hapa amelifunga na waridi kwenye gazeti, nikataka kulia.

Tangu limechipua mpaka litoe ua ni kama wiki 4. Wiki 4 jamani, mchicha tu ndo unakimbia hivyo. Mmea mmoja mkubwa unatoa mbegu zaidi ya 15,000, nyepesi, zinashika tope la kiatu, tairi, kwato, majani ya ng'ombe uliyokata kando ya barabara. Mizizi na majani yake yanatoa sumu inayozuia mimea mingine kuota jirani. Ng'ombe akilila maziwa yanakuwa machungu. Na binadamu ngozi inawasha na kupasuka, pumu inaamka, mafua yasiyoisha. Mi nililing'oa mara ya kwanza mikono mitupu, najifanya shujaa, viwiko viliwasha siku 3, nilikuwa nalala nimeviloweka kwenye beseni.

Kwahiyo lina namna yake. Unavaa glovu na mikono mirefu, unafunga kitambaa puani. Unang'oa udongo ukiwa umelowa, kama leo, ili utoke mzizi wote. Unang'oa kabla halijatoa ua, hiyo ndo siri yote, maana likishatoa ua ukilitikisa umepanda. Yenye maua unayatia kwenye kiroba polepole, unafunga mdomo, yakauke humohumo ndo yachomwe, na usisimame kwenye moshi. Usiyatupe kwenye mboji, usimpe ng'ombe, na usifyeke ukaondoka, maana likikatwa juu linachipua tena chini na safari hii linatoa ua likiwa fupi hulioni. Alafu baada ya wiki 3 unarudi palepale. Kurudi ndo watu wanashindwa. Siku ya kwanza tunakuja 40 na picha tunapiga, siku ya pili wanakuja 6, siku ya tatu ni mimi na mbwa wangu.

Na kwenye kitalu, wenzangu wauza miche, sasa naongea na nyie. Udongo wa kujazia viriba mnatoa wapi? Mmeshawahi kwenda kuangalia pale fuso linapochimbia kuna nini kimeota juu? Mimi nilikuwa siangalii. Siku hizi napanda kwenye gari, naenda, nikiona gugu karoti pale juu sichukui hata kwa bei ya bure. Samadi naiacha ioze mpaka ipoe kabisa. Majembe yakirudi kutoka kazini kwa mteja yanaoshwa kwanza, na maji ya kuoshea hayaendi mfongoni. Mche ukitoka kwangu napekua kiriba, kama kuna kitu kimechipua humo ambacho sikukipanda kinang'olewa mbele ya mteja, na nimegundua wateja wanapenda, wanaona huyu yuko makini. Na ndugu zenu walioko nje wakija likizo na mbegu za maua kwenye soksi, waambieni ukweli, mbegu na miche ya nje inataka kibali na kukaguliwa. Ukiona mmea mgeni huuelewi unaenea, piga picha uwapelekee TPHPA pale Ngaramtoni, ndo mamlaka ya afya ya mimea, kazi yao hiyo.

Hapa mama mmoja akasimama, nikamwachia aongee, maana alikuwa na hoja. Akasema, "Baba, unayosema ni kweli, ila mteja akija anataka lantana na wedelia, nisipomuuzia anavuka barabara anauziwa pale ng'ambo. Nile nini?"

Mama yangu, sina jibu tamu. Mimi mwezi wa kwanza nilipoacha kuziuza mauzo yalishuka, tusidanganyane. Kilichonisaidia ni kuweka kingine palepale ilipokuwa lantana. Anataka fensi? Masale yapo, mpaka wa kihamba, shamba la nyumbani la Wachaga, tangu babu zetu, na ukimkosea mtu unampelekea isale akusamehe, niambie lantana gani inafanya hivyo. Anataka fensi ya miiba? Mtandamboo, ua lake jeupe linanukia, na watoto wanakula matunda. Anataka kivuli? Mringaringa. Anataka ua la ndani la zambarau? Mnajua kwamba ile saintpaulia inayokaa madirishani Ulaya nzima ni ya kwetu, ya misitu ya Tanga, Mjerumani mmoja aliyekuwa mtawala huko Usambara aliipeleka kwao mwaka 1892? Wao wanauza letu kwenye vikombe vidogo, sisi tunauza gugu la Amerika kwenye viriba, na huko porini lilikotoka hilo ua linazidi kukosa mahali pa kukaa.

Na ya ng'ambo ya barabara, mama, jirani yako wa ng'ambo ndo yule pale amekaa safu ya tatu. (Wote wakageuka. Akanyoosha mkono.) Ongeeni leoleo kabla hamjaondoka. Mkiacha wawili kwa siku moja mteja atavuka kwenda wapi?

Mi nimemaliza maneno. Kiroba hiki nilikichuma asubuhi hii, hatua 30 kutoka mlango huu, nyuma ya choo pale kwenye kifusi, na nimeacha mengi kusudi. Bado hayajatoa ua, nimehesabu, yamebakiza kama wiki moja. Mvua imepungua, udongo umelowa. Glovu ziko kwenye toroli mlangoni, jozi 12 tu, kwahiyo 12 wa kwanza. Wenye pumu na mzio baki ndani, kuna chai na maandazi. Wengine tufuatane, na wiki 3 kuanzia leo, Jumamosi saa 3 asubuhi, tunarudi palepale nyuma ya choo. Nimeandika majina ya mlioinua mikono mwanzo.